Kisanduku cha Bwana Hewa

Mke wa fundi alitia sahihi akiwa na povu la sabuni mikononi, ndiyo maana karatasi ya serikali ilikuwa na doa upande wa kulia. Aliyeileta alikuwa bwana mmoja mwembamba, viatu vimelika visigino, begani amening'iniza kisanduku cheupe chenye ukubwa wa mkate. Alikuwa ameshabisha hodi nyumba nane za uchochoro ule na zote nane zimemfukuza, moja kwa kutumia mbwa. Katika nyumba ya tisa hakuulizia mwenye nyumba wala hakusoma sheria. Aliuliza tu, "Mama, humu ndani kuna anayekohoa?"

Ndani chumbani binti yake akakohoa, na bwana yule akateremsha kisanduku begani.

"Naomba nikifunge kwenye ukuta wako wa nyuma, majuma matatu tu. Kinapima hewa."

"Hewa nayo inapimwa?"

"Inapimwa, mama."

"Kwa kilo?"

Bwana yule hakujua kama anataniwa, akaanza kueleza habari za chembechembe za vumbi ambazo jicho halizioni. Mama alimkatiza, akaomba kalamu. Ukuta wake wa nyuma ulitazamana na safu ya tanuri kumi ambamo mumewe na wenzake waliyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye kalibu za mchanga kusubu sufuria. Waliwashia oili chafu iliyomwagwa na magereji, na moshi wake ulikuwa mzito, mweusi, wenye kunata. Nguo nyeupe ilikuwa haianikwi uchochoroni pale. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili na kifua chake kililia usiku na mchana. Baba yake mkubwa ndiye aliyembandika jina la Filimbi, kwa utani, mwaka mtoto alipojifunza kusoma. Shuleni wakalidaka, likamkaa.

*

"Umetia sahihi nini?" fundi aliuliza aliporudi, bado hajavua viatu.

"Karatasi ya hewa."

Fundi akakaa. "Mimi nimesikia wafanyakazi hewa, mshahara unatoka na mtu hayupo. Nimesikia madaraja hewa. Sasa na wewe mke wangu umetia sahihi karatasi hewa."

"Si karatasi hewa. Karatasi ya hewa. Hii tunayovuta."

"Alikuonyesha kitambulisho?"

"Alinionyesha."

"Kina picha yake?"

"Kina picha ya mtu aliyenenepa kidogo."

"Unaona!" Fundi alipiga goti lake kofi. "Afisa mwenyewe hewa!"

Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bwana Hewa, na kufikia kesho yake mchana uchochoro mzima ulilijua. Fundi alitoka nyuma akakikagua kisanduku. Kilikuwa na tundu chini na feni ndogo ndani, kikivuta pumzi taratibu. Alikigonga kwa ukucha. Alitamani kuking'oa, lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na fundi alimwogopa mkewe akikunja mikono kuliko alivyoiogopa serikali.

Watu wa tanuri nao waliamua mapema kwamba kisanduku kina masikio. Anayepima hewa atapimaje bila kusikiliza? Basi kila aliyepita chini ya ukuta ule alishusha sauti, na wengine wakazidisha adabu. Mmoja, mtukanaji wa viongozi tangu ujana wake, alisimama mbele ya kisanduku akasema kwa ufasaha, "Serikali yetu ni sikivu sana," kisha akaenda kutema mate mbali.

*

Mkutano wa kutoa maoni ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Bwana Hewa alisimama mbele ya ubao. Alieleza kwamba kisanduku bado kinajaribiwa, majuma matatu yataanza kuhesabiwa juma lijalo, na kwamba sheria mpya inakuja. Baada ya miezi sita hakuna kuwasha oili chafu. Kila tanuri litumie gesi, au liwe na dohani ndefu ya kupandisha moshi juu ya mapaa, yenye chujio ndani.

Aliyesimama kwanza alikuwa kaka yake fundi. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wenye tanuri, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuuzia, mwenye watoto saba na mama mgonjwa wa miguu nyumbani kwake.

"Bwana mkubwa," alisema, "sufuria yangu anainunua mama ambaye akiongezewa bei kidogo tu anaiacha. Ukiniingiza kwenye gesi bei inapanda mara mbili. Kule kiwandani wanatumia gesi siku nyingi. Hebu niambie, sheria hii kaitunga nani? Wewe, au kiwanda?"

"Imetungwa na bunge."

Darasa likacheka. Hakuna kicheko kibaya kama kile cha watu wasioamini hata salamu yako.

Bwana Hewa akafungua faili lake, akasoma hesabu za watoto wanaougua vifua kila mwaka katika mitaa ya namna ile, na siku za kazi zinazopotea kwa wazazi kuuguza. Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mliwahesabu lini? Kwangu hamkupita."

"Kwangu walipita," akasema mke wa fundi.

Watu wakageuka. Fundi akaangalia dawati.

"Mwaka huu binti yangu amekosa shule siku arobaini na mbili," mama akaendelea. "Mnahesabu gesi, mnahesabu dohani. Hizo siku nazo ziandikeni upande wa gharama."

"Shemeji," kaka mkubwa akasema, na alisema kwa upole, maana alimpenda mtoto yule, "hiyo pampu ya kuvutia dawa inanunuliwa na nini? Si moshi huohuo? Ukizima moshi umezima na pampu." Kisha akamgeukia mgeni. "Hicho kisanduku chenu kina mahali pa kupima njaa?"

Bwana Hewa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake haukumsaidia hata mara moja katika maisha yake ya kazi.

"Hakina," akajibu.

Darasa likalipuka kwa makofi, yote ya kaka mkubwa. Kelele zilipopungua, Bwana Hewa alisema jambo ambalo angelisema mwanzo pengine lingesikika. Mtaa ambao kisanduku kitaonyesha moshi umepita kiwango, serikali yenyewe itajenga dohani moja kubwa ya pamoja, bila fundi kutoa chochote. Mtaa ambao haujapita kiwango, kila mtu atajitegemea.

"Chambo hicho!" kaka mkubwa akasema. "Jamani, mmesikia? Shimo la barabara hapo nje lina miaka minne, wameshindwa kuliziba. Leo watujengee dohani? Wanataka tukiri wenyewe tuna moshi, kesho waje na pingu."

Watu wakaitikia kwamba ndivyo. Na tusiwacheke. Mtu aliyewahi kuandikwa jina lake kwa ajili ya msaada, akaja kubomolewa kibanda chake kwa orodha ileile, hawezi kuona orodha nyingine akafurahi.

*

Baada ya mkutano ule fundi alianza kulipia sahihi ya mkewe. Asubuhi alisalimia, wakaitikia wakitazama pembeni. Wakampa jina, Fundi Kisanduku. Mwuza vyuma chakavu alimpimia vipande vyenye kutu na misumari ndani yake. Mwuza oili alipofika na mkokoteni wake aliwauzia wote tisa, kwa fundi akasema, "Imekwisha." Pipa lilikuwa likicheza mawimbi nyuma yake, mtu kiziwi angesikia.

"Imekwisha vipi na pipa linapiga kelele?"

"Hayo maji."

Siku tatu tanuri la fundi halikuwaka. Siku ya nne alikwenda kwa kaka yake, akamkuta anapiga mchanga kwenye kalibu kwa kigongo, ule mchanga wa kusubia ambao usiposhindiliwa sawasawa sufuria hutoka na matobo.

"Kaka, mimi nimewasaliti nini?"

"Mimi nakujua, mdogo wangu. Hao wengine hawakujui." Kaka hakuinua kichwa. "Kisanduku kiko ukutani kwako. Kikisema tuna moshi, aliyesema ni wewe."

"Nikiking'oa watakuja kumkamata mke wangu. Sahihi ni yake."

"Nani kasema uking'oe?" Kaka akasimama, akajifuta mikono. "Wewe ni fundi wa nini?"

"Wa sufuria."

"Basi kivishe."

Sufuria namba kumi na mbili ilikitosha kisanduku kama kofia. Fundi aliigongea misumari miwili ukutani, akaziba pembeni kwa tambara lenye maji. Kila alfajiri kabla tanuri la kwanza halijawashwa alikivisha, jioni mioto ikizimwa alikivua. Bwana Hewa alikuja kukitazama kila Ijumaa saa nane, hakuwahi wala hakuchelewa. Basi kila Ijumaa tanuri zote zilizimwa saa sita, na akifika alikuta mafundi wanapiga sufuria msasa, wakimwapia kwamba tangu mkutano hapana moshi tena, na kisanduku kiko kichwa wazi. Mwuza oili akakumbuka kwamba ana oili. Salamu zikarudi. Lile jina la Fundi Kisanduku likafa, kwa sababu halikuwa na kazi tena.

Mkewe aliiona sufuria siku ya kwanza.

"Ile ya nini pale?"

"Inakauka."

"Inakaukia ukutani, kichwa chini?"

Fundi akaweka mezani pampu mpya ya mtoto, bado imo ndani ya boksi lake. Mama akaitazama pampu, akaitazama sura ya mumewe aliyekuwa hajala vizuri siku nne, akaenda kuosha vyombo. Alinyamaza siku ile, akanyamaza na iliyofuata. Aliona aibu kwa kimya chake, na alikuwa mtu asiyezoea kuona aibu, kwa hiyo akawa mkali kwa kila kitu kingine, kwa chumvi, kwa mlango, kwa paka wa jirani.

*

Jumatano ya juma la tatu walisubu kuanzia asubuhi, oda kubwa. Saa tisa mchana binti alirudi kutoka shuleni mdomo wazi, mabega yamepanda hadi masikioni. Alikaa kitini akashika magoti. Mama akampulizia pampu mara moja, mara mbili, mara ya tano. Kifua hakikulia tena, na kifua kama kile kikiacha kulia ndipo pa kuogopa.

Fundi aliitwa, akaja na mchanga mikononi. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika uso. "Taratibu. Vuta na mimi. Moja... mbili..." Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Dirishani, juu ya kichwa chake, fundi aliiona sufuria yake ukutani na moshi ukipita juu yake. Akainuka, akatoka, akaishika kwa mikono miwili.

"Kuna nini?" Kaka alipiga kelele kutoka kwenye tanuri lake. "Anakuja mtu?"

"Mtoto."

"Mpelekeni kwa daktari, mnangoja nini? Mkokoteni huu hapa!" Na ni kaka mwenyewe aliyemwaga vyuma chini, akambeba Filimbi mikononi na kumlaza mkokotenini, akausukuma mwenyewe mpaka zahanati huku akitukana kila aliyesimama njiani. Fundi alikimbia nyuma yake. Sufuria ilibaki pale ilipokuwa. Hakumbuki kama aliiachia yeye au mikono yake ndiyo iliyoiachia.

Zahanati walimwekea mtoto hewa ya mtungi saa tatu nzima. Daktari aliuliza nyumbani kuna nini, jiko la kuni? Kaka na mdogo wake wakatazamana. Kaka akasema, "Vumbi."

*

Juma la mwisho lilipokwisha Bwana Hewa alikuja na karatasi mbili zenye muhuri. Mafundi wote walizima tanuri wakakusanyika nyuma ya nyumba ya fundi. Bwana Hewa alionekana mtu aliyelala vibaya.

"Matokeo nimeyarudia kuyatazama," alisema. "Sijui niseme nini. Nimefunga visanduku mitaa ishirini. Huu ndio wenye hewa safi kuliko yote."

Ikapigwa shangwe ambayo uchochoro ule haukuwahi kuisikia. Fundi akainuliwa na mikono ya watu walewale waliokuwa hawamwitikii salamu.

"Isomwe!" kaka mkubwa akasema, uso unang'aa. "Asome mtoto wa nyumba. Filimbi, njoo, binti yangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Filimbi alikuwa amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Alipokea karatasi akasimama wima kama anavyofundishwa darasani.

"Inathibitishwa kwamba hewa," akasoma, akasimama kuvuta pumzi. "Ya mtaa huu, kwa kipindi..." Akavuta tena. Filimbi ya kifuani ililia, wote wakaisikia. "Kwa kipindi cha majuma matatu, imekuwa..."

"Inatosha, mwanangu," akasema baba mkubwa. "Tumeelewa."

"Bado sijamaliza." Alikuwa mtoto mbishi, amerithi kwa mama. "Imekuwa salama... kwa watoto... na..." Kikohozi kikamkunja, karatasi ikatikisika, ikabidi aishike kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Mafundi waliangalia viatu vyao. "Na wazee," akamaliza, akamrudishia mwenyewe karatasi.

Fundi akasema, "Bwana, ifute hiyo."

"Niifute?"

"Kisanduku nilikivisha sufuria. Kila siku. Moshi upo."

Bwana Hewa alimtazama fundi, kisha akawatazama wengine mmoja mmoja, na polepole uso wake ukabadilika. Kwa majuma matatu watu wale hawakumwamini jambo hata moja. Sasa ilikuwa zamu yake.

"Majuma matatu mmeniapia hapa hapana moshi," akasema. "Kila Ijumaa nimekuta hewa safi kwa macho yangu. Leo, siku ya matokeo, ndiyo moshi upo? Au mtu kawaambia mtaa wa pili wanajengewa dohani ya bure?"

"Mtazame mtoto," mama akasema.

"Namwona, mama. Pole sana." Alimaanisha. "Ila kifua si kipimo. Nikipeleka kifua ofisini watanifukuza kazi." Akaanza kufungua kisanduku ukutani kwa bisibisi. "Kama mnataka kipimo kirudiwe, leteni barua ya maelezo. Yenye sahihi. Kuna foleni, lakini leteni. Oili chafu mwisho wake miezi sita, hilo halibadiliki."

Akaondoka na kisanduku chake begani. Mafundi walitawanyika bila kuagana, na hakuna aliyemgusa fundi begani.

*

Ndani, mama alifuta meza. Filimbi alileta daftari na kalamu, akakaa. Fundi alisimama nyuma yake, kwa maana yeye mkono wake wa kuandika ni mbaya.

"Andika," akasema. "'Kwa Afisa wa Hewa. Mimi fundi wa sufuria wa mtaa huu, nakiri kwamba nilikudanganya...'"

Kalamu ikasimama. "Baba, ni 'nilikudanganya' au 'tulikudanganya'?"

Fundi akafikiri. Nje tanuri la kwanza lilikuwa limeshaanza kunguruma tena. Alizifikiria tanuri tisa, watoto walio nyuma ya kila tanuri, mama yake mwenyewe mwenye miguu mibovu. "Andika 'nili'. Mkono uliofunika ni wangu."

"Andika 'tuli'," akasema mama. Alikuwa bado ameshika tambara. "Mimi niliiona tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza. Tena mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba nitakilinda. Andika 'tuli', mwanangu, wala usinitazame hivyo."

Mtoto hakuacha kumtazama mara moja. Alikuwa hajui kwamba mama alijua. Kisha akainama, akakata 'ni' kwa mstari mmoja na kuandika 'tu' juu yake, kwa herufi safi za shule.

Kaka mkubwa alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemsikia akifika. Alikuwa na jasho usoni na koleo mkononi, na alisoma barua ile kutoka pale aliposimama, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Hiyo 'tu'," akasema, "ina nani na nani ndani?"

Filimbi akavuta pumzi, akasubiri kifua kitulie, akaligeuza daftari kumwelekea, na kalamu akaiweka juu yake.

"Watakaotia sahihi, baba mkubwa."

Kaka mkubwa aliitazama kalamu. Akahamisha koleo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akafuta kiganja kwenye suruali, akakaribia meza hatua moja. Kisha akasema atarudi baadaye, miwani yake ameisahau nyumbani.

Katika maisha yake yote hakuwahi kuvaa miwani.